Tabibu Akigonga Goti Lako, Anauliza Nini?

Ndugu msomaji, leo tunazungumza juu ya miguu.

Miguu hukupeleka shambani, kisimani, sokoni na kwenye mkutano. Mtu mmoja akipoteza nguvu za miguu, nyumba nzima huona shida. Nani atalima? Nani atachota maji? Nani atawabeba watoto? Mkoani Katavi watu wengi huishi kwa jembe. Kwa hiyo habari ya miguu si habari ndogo, wala hapa Ilembo si habari ndogo.

Mtu mwenye miguu dhaifu akifika kwa tabibu, mara nyingi hushangaa. Yeye amekuja kutafuta dawa. Tabibu hampi dawa mara moja. Anamwambia, "Mama, hebu tembea kidogo." Kisha anamgonga goti kwa kinyundo cha mpira. Anamkwaruza unyayo. Anamwambia afumbe macho, halafu anamgusa kwa pamba.

Wengine hucheka. Wengine hukasirika na kusema, "Nimekuja kutibiwa, sikuja kuchezewa!" Wengine hawarudi tena.

Ndugu msomaji, huo si mchezo. Hayo ni maswali. Tabibu anaiuliza miguu maswali, na miguu inajibu. Watu wawili wanaweza kusema maneno yale yale: "Miguu yangu haina nguvu." Lakini ugonjwa wa mmoja uko mgongoni, na wa mwingine umetoka katika chakula. Bila maswali hayo, tabibu hawezi kuwatofautisha. Akikosea ugonjwa, atakosea na dawa.

MIGUU HUPOKEA AMRI

Mguu hauendi wenyewe. Unapokea amri kutoka kwenye ubongo, ndani ya kichwa.

Amri hiyo hupita katika mishipa ya fahamu. Mishipa ya fahamu si mishipa ya damu. Ni kama nyuzi za kupelekea habari. Fungu kubwa la nyuzi hizo hushuka ndani ya uti wa mgongo. Kutoka mgongoni nyuzi nyingine huenda mapajani, magotini, hadi vidoleni.

Habari hupita pande zote mbili. Amri hushuka: "Inua mguu." Habari hupanda: "Nimekanyaga mwiba."

Wewe wa Mpanda unaijua reli. Treni hutoka Tabora, hupita Kaliua, hufika Mpanda. Reli ikikatika njiani, abiria wa Mpanda hukaa stesheni bila kuona treni. Lakini stesheni ya Mpanda haina ubaya. Injini nayo haina ubaya. Ubaya uko njiani. Fundi atauliza: treni imefika wapi, na wapi haikufika? Kwa njia hiyo atajua reli imekatika wapi.

Tabibu hufanya kazi kama fundi huyo. Mguu haufanyi kazi, lakini huenda ubaya hauko mguuni. Huenda uko mgongoni. Huenda uko kichwani. Ndiyo sababu wewe umesema "mguu", naye anatazama mgongo wako.

MASWALI YA TABIBU

Sasa tuyatazame maswali hayo moja moja. Ukiyajua, hutaogopa.

Swali la kwanza ni la macho. Tabibu hutazama mapaja na miguu yote miwili. Je, mguu mmoja umekonda kuliko mwingine? Je, kuna kidonda, kovu au baka? Kwa hiyo utaombwa kufunua miguu hadi mapajani. Vaa kaptula au kanga. Mwanamke anaweza kuomba muuguzi wa kike au ndugu yake awe karibu. Hiyo ni haki yake.

Swali la pili ni la kutembea. Utatembea kawaida. Kisha utatembea kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Utasimama miguu pamoja na kufumba macho. Tabibu atakuwa karibu akudake usianguke. Mtu ambaye nyayo zake hazimpi habari ya ardhi huyumba akifumba macho, kwa sababu alikuwa akisaidiwa na macho.

Swali la tatu: je, mguu umelegea au umekaza? Utalala kitandani, ulegeze mwili. Tabibu atainua goti lako ghafula. Mguu mwingine huwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Mwingine hukaza kama mti.

Swali la nne ni la nguvu. Tabibu husema, "Sukuma mkono wangu. Vuta. Inua mguu, usikubali niushushe." Kisha huandika namba, kuanzia 0 hadi 5. Maana yake ni hii:

0 – hakuna kinachotikisika.
1 – msuli unatikisika tu, mguu hausogei.
2 – mguu unasogea juu ya kitanda, lakini hauinuki.
3 – mguu unainuka, lakini hauwezi kushindana na mkono wa tabibu.
4 – mguu unashindana kidogo.
5 – nguvu ni kamili.

Namba hiyo ni muhimu sana. Kama leo umeandikiwa 4 na wiki ijayo ukaandikiwa 2, ugonjwa unapanda. Kwa hiyo tunza daftari lako la matibabu. Usilitumie kusokotea tumbaku.

Swali la tano ni la kinyundo. Hilo tutalieleza peke yake hapa chini.

Swali la sita ni la unyayo. Tabibu hukwaruza unyayo kutoka kisigino kwenda mbele, kwa kitu butu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kidole gumba cha mguu huinama chini. Kikiinuka juu, njia ya amri kutoka kwenye ubongo ina hitilafu. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1896 na daktari Joseph Babinski wa Paris, nchini Ufaransa. Lakini kwa mtoto mchanga kidole hicho huinuka, na hilo si ugonjwa. Njia zake bado hazijakomaa.

Swali la saba: utaambiwa uweke kisigino juu ya goti la mguu mwingine, ukiteremshe polepole juu ya muundi hadi chini. Kisigino kikiyumba huku na huko, huenda sehemu ya nyuma ya ubongo haiongozi vizuri.

Swali la nane ni la kuhisi. Utafumba macho. Tabibu atakugusa kwa pamba, kisha kwa ncha ya pini. Wewe utasema unapohisi. Atashika kidole gumba cha mguu na kukisogeza. Wewe utasema kimekwenda juu au chini. Huenda akaweka juu ya mfupa chuma chenye matawi mawili kinachotetemeka. Wewe utasema kama unausikia mtetemo. Sema kweli. Usikisie ili kumfurahisha tabibu.

GOTI LINA MAJIBU MATATU

Jaribu jambo hili nyumbani. Kaa juu ya meza imara, miguu ining'inie. Legeza mguu. Mwambie mwenzako agonge polepole kwa ubavu wa kiganja, chini kidogo ya kifuniko cha goti. Mguu utaruka mbele kidogo. Hukuuamuru. Umeruka wenyewe.

Kwa nini? Ukigongwa hapo, msuli wa paja huvutika. Habari hupanda hadi mgongoni. Mgongo hujibu mara moja bila kungoja amri ya ubongo. Kazi ya ubongo hapo ni kutuliza, ili mguu usiruke kupita kiasi.

Madaktari wawili wa Ujerumani, Wilhelm Erb na Carl Westphal, waliandika habari hiyo mwaka 1875. Hadi leo duniani kote kinyundo kinatumika. Hakihitaji umeme. Hakihitaji mtambo wa fedha nyingi.

Goti lina majibu matatu:

Jibu la kwanza, goti linaruka kiasi. Njia ni nzima.

Jibu la pili, goti halijibu kabisa. Huenda nyuzi kati ya mguu na mgongo zimeharibika. Mguu kama huo mara nyingi huwa umelegea.

Jibu la tatu, goti linaruka kwa nguvu nyingi. Pengine tabibu akisukuma unyayo juu ghafula, mguu hupiga-piga wenyewe kama mguu wa fundi cherehani. Hapo amri ya kutuliza haifiki. Njia imeharibika katika ubongo au ndani ya uti wa mgongo. Mguu kama huo mara nyingi huwa umekaza.

Watu wengine wazima wana magoti mazito au mepesi tangu kuzaliwa. Ndiyo sababu tabibu hatoi hukumu kwa goti moja. Hulinganisha kulia na kushoto, na husikiliza majibu yote.

HABARI YA TARIME, MWAKA 1985

Sasa sikiliza habari iliyotokea katika nchi yetu.

Mwaka 1985 wilaya ya Tarime, mkoani Mara, ilikuwa na ukame. Mazao mengine yalikauka. Muhogo ukabaki. Watu wakaanza kupata maradhi ya ajabu. Mtu alikuwa mzima. Ghafula miguu yote miwili ikakaza. Magoti yakagongana. Wengine walitembea kwa ncha za vidole. Wengine walihitaji fimbo. Wengine hawakuweza kutembea kabisa. Wengi wao walikuwa watoto, na wanawake wa umri wa kuzaa.

Ugonjwa wa namna hiyo ukiingia kijijini, maneno huwa mengi. Mmoja husema ni uchawi. Mwingine husema ni laana. Jirani humtazama jirani kwa jicho baya.

Madaktari walikwenda kuwapima. Miongoni mwao walikuwa William Howlett, ambaye alifanya kazi miaka mingi katika hospitali ya KCMC ya Moshi, Glen Brubaker, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, na Hans Rosling kutoka Sweden. Walipata wagonjwa 39. Mwaka 1990 walichapisha habari zao, na madaktari wa nchi nyingine wakazisoma.

Walifanya nini? Walifanya yale yale tuliyoeleza. Waliwatazama wagonjwa wakitembea. Waligonga magoti. Miguu ikajibu hivi:

Miguu yote miwili imeumia kwa namna moja.
Miguu imekaza, haikulegea.
Magoti yanaruka kupita kiasi.
Ngozi inahisi pamba kama kawaida.
Mgongo hauna kigongo wala maumivu.

Sasa fikiri pamoja nasi. Kama ingekuwa polio, miguu ingelegea, na magoti yasingeruka. Kama ingekuwa kifua kikuu cha mgongo, mgongo ungeonyesha dalili, na ugonjwa ungeendelea kuongezeka. Lakini ugonjwa huu ulikuja ghafula, kisha ukasimama pale pale. Majibu hayo yalionyesha ugonjwa unaoitwa konzo.

Jina hilo ni la Kiyaka, lugha ya watu wa Congo. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake huko Congo mwaka 1938. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ugonjwa huo uliwapata watu zaidi ya 1,000 mkoani Nampula, nchini Msumbiji.

SUMU ILITOKA WAPI?

Muhogo mchungu una sumu. Inaitwa sianidi. Wazee wetu waliijua hatari hiyo tangu zamani. Ndiyo sababu walimenya, wakalowesha, wakaanika siku nyingi. Sumu ikatoka.

Wakati wa njaa mtu hawezi kungoja. Watoto wanalia. Muhogo unachimbwa leo, unapondwa na kuanikwa muda mfupi, na kuliwa kabla ya wakati wake. Sumu inabaki katika unga.

Tena, wakati wa njaa hakuna maharage, dagaa wala maziwa. Vyakula hivyo vina kitu kinachousaidia mwili kuiondoa sumu hiyo. Kwa hiyo sumu imezidi, na kinga imepungua. Mambo hayo mawili yakikutana kwa wiki kadhaa, njia za amri huharibika. Miguu hufungwa.

Konzo haina dawa ya kuiponya. Miguu iliyokaza haifunguki tena. Mazoezi, fimbo na magongo humsaidia mgonjwa, lakini hawi kama zamani. Basi kuzuia ndiyo njia.

Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa alama 3 za kumtambua mgonjwa wa konzo. Kwanza, mwendo wa kukaza miguu yote miwili, unaoonekana akitembea au akikimbia. Pili, alikuwa mzima, akapatwa kwa muda usiofika wiki moja, na ugonjwa haukuendelea. Tatu, magoti au vifundo vya miguu vinaruka kupita kiasi, na uti wa mgongo hauna ugonjwa. Tazama, ndugu msomaji: alama zote hizo zinatafutwa kwa macho, kwa masikio na kwa kinyundo.

Baada ya mwaka 2000 konzo ilirudi kusini mwa nchi yetu, katika mikoa ya Mtwara na Ruvuma. Kwa hiyo si habari ya zamani tu. Muhogo unalimwa Katavi pia. Basi tushike kanuni hizi:

1. Muhogo mchungu umenywe na kuloweshwa siku 3, hadi ulainike. Kisha uanikwe hadi ukauke kabisa. Usikatishe siku kwa sababu ya haraka.

2. Kama unga una wasiwasi, ulowe kabla ya kuupika. Weka unga mkavu katika beseni na uusawazishe. Tia alama ndani ya beseni mahali unga ulipofika. Tia maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka, halafu utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha kutia maji. Utandaze juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimita 1. Uache juani kwa muda wa saa 2, au kivulini kwa muda wa saa 5. Sumu itaondoka na hewa. Kisha pika ugali siku hiyo hiyo. Njia hii ilitolewa na Howard Bradbury wa Australia, na imefundishwa kusini mwa Tanzania.

3. Kula ugali wa muhogo pamoja na maharage, karanga, samaki au maziwa. Changanya na mahindi ukiweza.

MGUU WA MTOTO UKILEGEA

Mtoto alikuwa akicheza jana. Leo mguu wake umelegea. Usingoje. Usimkande kwa maji ya moto ukitumaini kesho. Mpeleke zahanati au kituo cha afya leo.

Kwa nini leo? Huenda ni polio. Ili kujua, wahudumu huchukua choo cha mtoto mara 2. Choo hicho kinatakiwa kichukuliwe ndani ya siku 14 tangu mguu ulipolegea. Ukikaa naye nyumbani mwezi mzima, ushahidi umepotea. Na kama ni polio, watoto wa majirani wamo hatarini bila kujua.

Tanzania ilithibitishwa kuwa haina polio mwaka 2015. Lakini mwaka 2023 kirusi cha polio kilionekana kwa mtoto mmoja mkoani Rukwa, kwa jirani zetu. Mtoto huyo alikuwa amelegea viungo. Mwezi Septemba mwaka huo watoto wenye umri chini ya miaka 8 walipewa matone katika mikoa 6, na Katavi ilikuwa mmoja wao. Mguu wa mtoto mmoja ulizungumza, na mikoa 6 ikasikia. Mguu huo ungefichwa ndani, nani angejua?

Chanjo ya matone hutolewa mtoto anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mtazame mwanao katika kadi yake. Kama amekosa, mpeleke.

MGONGO UNAPOUMIZA MIGUU

Kifua kikuu si cha kifua tu. Kinaweza kula mifupa ya mgongo. Mgonjwa huumwa mgongo kwa miezi. Pengine kigongo hutokea. Baadaye miguu hupoteza nguvu, na pamba haihisiwi kuanzia kiunoni au kifuani kwenda chini.

Ugonjwa huu una dawa, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Akianza mapema, wengi hurudi kutembea. Akichelewa sana, njia za amri hufa kabisa, na dawa haiwezi kuzifufua. Ugonjwa ni ule ule na dawa ni ile ile. Kinachotofautiana ni siku ya kufika.

MGUU USIOHISI

Kuna mguu wenye nguvu lakini hauhisi. Mtu huchomwa na mwiba asijue. Hukanyaga kaa la moto asijue. Hujua kwa kuona damu.

Huenda ni ukoma. Tafuta katika ngozi baka lenye rangi hafifu au jekundu. Ukiligusa kwa pamba, halihisi. Ukoma si laana. Unapona kwa dawa za miezi 6 au 12, na dawa ni bure. Huenda pia ni kisukari. Kisukari huua hisia za nyayo polepole.

Mtu wa namna hiyo atazame nyayo zake kila jioni. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Asitembee pekupeku.

NENDA LEO, USINGOJE KESHO

Mpeleke mgonjwa siku hiyo hiyo ukiona moja ya mambo haya:

Miguu imepoteza nguvu ghafula.
Mkojo umeziba, au mkojo na choo vinatoka bila yeye kujua.
Sehemu za siri na mapaja kwa ndani zimekufa ganzi.
Udhaifu unapanda kutoka miguuni kwenda kifuani, na pumzi inakuwa nzito.
Mkono na mguu wa upande mmoja vimekufa, au mdomo umepinda.
Mtu ameanguka kutoka juu ya mti, pengine akirina asali, na miguu haisogei. Huyu msimkunje, wala msimweke juu ya baiskeli. Mlazeni juu ya ubao uliolala sawa, mumbebe watu wanne.

UKIFIKA KWA TABIBU

Eleza habari zako kwa mpangilio. Ilianza siku gani? Ilianza ghafula au polepole? Ni mguu mmoja au yote miwili? Uliumwa mgongo? Uliumia? Mkojo unatoka vizuri? Nyumbani mmekuwa mkila nini? Je, kuna mwingine kijijini mwenye hali kama hiyo? Kama umetumia dawa za mitishamba, sema. Usione haya.

Kisha kubali kupimwa. Kama hukuelewa, uliza: "Tabibu, goti langu limesemaje?" Kuuliza si ujinga. Kama tabibu amekupa rufaa kwenda hospitali ya Mpanda, nenda na karatasi yako. Usiiweke juu ya dari.

Na kama umekwenda na maumivu ya miguu isiyo na nguvu, ukapewa vidonge bila kuguswa, una haki ya kusema kwa heshima: "Naomba unipime miguu." Kinyundo kidogo, pamba, pini na macho ya mtu mwenye elimu. Vitu hivyo havina gharama kubwa, navyo vilifumbua jambo kubwa kule Tarime.

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Miguu yako inajua habari zake. Mpelekee mtu anayejua kuiuliza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tabibu hutazama mgongo wa mtu anayelalamika miguu?
2. Goti lina majibu mangapi? Yataje, na useme maana ya kila jibu.
3. Kule Tarime miguu ilijibu nini? Majibu hayo yalitofautianaje na polio?
4. Nyumbani kwenu muhogo huloweshwa siku ngapi? Je, zinatosha?
5. Mguu wa mtoto ukilegea leo, kwa nini usingoje wiki 3?
6. Je, katika kitongoji chenu yupo mtu mwenye miguu dhaifu ambaye hajawahi kupimwa? Nani atamsindikiza, na siku gani?